Sifuri Niliyoisaini

Siku ya kuniaga kazini walikosea mara mbili. Kosa la kwanza lilikuwa cheti. Walikitoa ukutani, wakakifuta vumbi kwa kitambaa cha meza, wakakinyanyua mbele ya wageni kama kombe la mpira: kata yangu ilikaa miaka kadhaa mfululizo bila kupoteza kichanga hata mmoja. Makofi yakapigwa. Mimi nilikaa na soda mkononi nimenuna, watu wakadhani nazuia machozi ya furaha. Kosa la pili nitalisema mwisho, maana bila hili la kwanza hamtalielewa.

Nawaandikia ninyi mnaoshika daftari sasa, hasa Asia, binti wa wenye duka wa Kasulu mjini, aliyekuja na shahada yake na viatu vyeupe kukalia kiti changu. Viatu vimeshakuwa vyekundu kwa udongo wetu, na hiyo ni dalili njema. Kata yenyewe siitaji, wala halmashauri. Wanajijua.

Nilianzia Mabamba, karani wa kuandikisha kaya. Siku ya kwanza nilikabidhiwa ubao wa kuandikia wenye kibanio, kalamu mbili za bluu, na Mzee Ntiruka. Huyu mzee alikuwa ameandikisha watu wa milima hii kwa miaka mingi, anatembelea baiskeli ambayo kengele yake ilikuwa mdomo wake mwenyewe. Alinifunza kusalimia kwanza, "Mwidiwe," nikae, nisitoe kalamu kabla sijapewa kigoda. Alinikataza kumwuliza mama ana watoto wangapi. Kumhesabia mtu watoto wake usoni, alisema, ni kazi ya mwewe. Uliza mkubwa anaitwa nani, kisha anayemfuata, kisha anayemfuata, halafu ukajumlishe mwenyewe huko kwenye karatasi zako. Na ukiona majembe matano mlangoni na mwenye nyumba anakwambia wako wawili, kaa kidogo, kunywa maji, hao watatu watarudi kutoka shamba.

Palikuwa mpakani, kwa hiyo hesabu haikukosa vituko. Kuna baba alikuwa na mke upande huu na shamba upande wa pili, watoto wanalala popote giza linapowakuta. Mzee Ntiruka aliamua mambo yale kwa swali moja tu: nani alilala hapa jana? Nikamwuliza, na kwenye sifuri je, unafanyaje? Akaniambia, "Sifuri nayo ni jibu. Usiiandike kwa sababu mtu amenyamaza. Iulize mpaka ikujibu." Nilitikisa kichwa kama mwanafunzi mzuri, kisha nikasahau kwa muda wa miaka thelathini na kitu.

Jioni ile ile aliniagiza nijaribu fomu kwenye nyumba yangu. Niliijaza nikiwa nimesimama. Mke wangu, Mama Adela, alikuwa anachambua maharage mlangoni. Waliozaliwa: wawili, Adela na Yohana, wadogo zao wakiwa bado hawajaja. Walio hai: wawili. Waliofariki: sifuri. Nikamwonyesha kwa majivuno. Aliitazama karatasi, akanitazama, akarudi kwenye ungo wake. Kesho yake Mzee Ntiruka aliuliza kama nilimhoji mama. Nikamjibu, nyumba yangu mwenyewe, mzee, nimhoji ya nini? Akaikunja karatasi.

Baadaye nilihamia Kagerankanda, nikajifunza kubeba baiskeli mimi pale ambapo matope yalikataa inibebe yenyewe. Huko na kwingineko niliandikisha familia zilizoingia zamani kutoka Burundi na sasa ni raia wenzetu. Hao nawaheshimu mpaka leo, maana hakuna watu walioulizwa maswali mengi kama wao. Mzee mmoja kila nilipofika alilazimika kufungua sanduku, afungue kanga, afungue nailoni, anitolee cheti cha uraia, kwa sababu ofisi ilitaka nikione tena. Mwaka mmoja akachoka. Akaniambia uraia uko sandukuni na yeye yuko shambani, nichague namwandika nani. Nilimwandika yeye. Tangu siku hiyo sikumfungulisha sanduku, na kama kuna mkubwa anataka kuniadhibu kwa hilo, amechelewa.

Nilichokichukia kuliko vyote ni kupika takwimu. Nilikuwa na mwenzangu, sitamtaja, ambaye hakuwahi kufika kitongoji chochote penye kilima. Mwisho wa mwaka anafungua daftari la mwaka uliopita, ananakili, anaongeza kidogo hapa na pale kama mtu anavyoongeza maji kwenye mchuzi wageni wakifika. Wilayani walimpenda, maana namba zake zilipanda taratibu, hazikumshtua mtu. Nilimdharau waziwazi. Nilijisifu kwamba mimi sipiki. Na kweli sikupika. Nilipakua ikiwa mbichi, nikaisaini.

Maana nilipokuwa mtendaji wa kata, kila mwezi wenyeviti wa vitongoji walileta taarifa zao, na kwenye fomu kulikuwa na safu ya vichanga waliofariki. Nauliza, "Vichanga?" Mwenyekiti anajibu, "Hakuna." Naandika sifuri, nasaini, napiga muhuri. Mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka. Hatukuwa na zahanati ya maana, mvua ikinyesha barabara haipitiki, akina mama wanajifungulia majumbani, na mimi sikujiuliza imekuwaje tukawa na afya kuliko watu wa mjini. Cheti kilipokuja nilikipigilia ukutani kwa misumari miwili ili kisipinde.

Sasa sikilizeni. Katika kitongoji cha Bondeni, mbali kuliko vyote, watu walikuwa wamefyatua na kuchoma matofali yao wenyewe, wakajenga boma la zahanati mpaka usawa wa lenta, juu ya milango. Kilichobaki ni mabati na muuguzi, navyo vinatoka halmashauri. Mbuzi walilala humo misimu na misimu. Nilipeleka barua mara nne. Mara nne nilijibiwa kwa adabu kwamba kata yetu ni ya mfano, haina tatizo la uzazi, nitazame takwimu zangu mwenyewe. Mabati yatakwenda kwa wenye shida. Nilikasirika, lakini nilikasirika kijinga. Nilidhani tunaadhibiwa kwa kufanya vizuri.

Nikafika Bondeni kuhuisha daftari la wakazi, nyumbani kwa mkulima mmoja anaitwa Skola. Alikuwa mjamzito, tumbo limeshuka. Mume wake alinipa kigoda, mama mkwe wake, Bibi Veronika, ambaye ndiye mkunga wa kitongoji kizima, alikuwa anamenya mihogo pembeni. Nikauliza kama nilivyofunzwa. Mkubwa? Yustina. Anayemfuata? Leonsi. Anayemfuata? Nyandwi, huyu hapa anayevuta suruali yako. Anayemfuata? Skola akagusa tumbo, akasema huyo bado. Nikaandika watatu, nikapiga mstari chini. Kisha kalamu ikanikwama mkononi.

Asia, wewe umekulia dukani mjini, pengine hukulijali hili. Huku kwetu, na kwa ndugu zetu wenye asili ya Burundi, mtoto wa saba kutoka tumbo la mama huitwa Nyandwi, wa nane huitwa Minani. Si kila nyumba hufanya hivyo, lakini hakuna anayempa mtoto wa tatu jina la Nyandwi. Mimi ni Muha wa kuzaliwa. Nilikuwa nimeandika akina Nyandwi na akina Minani maelfu kwa mkono wangu, kwenye mistari inayosema mama amezaa watatu, mama amezaa wanne, na sikuwahi kusoma nilichoandika. Shahada sina, lakini macho ninayo. Nikamwambia Skola kwamba ninaona watatu, na huyu ni wa saba. Akainamisha kichwa. Mume wake akanijibu kwa upole, bila wasiwasi wowote, kwamba hao wengine hawakuwepo.

Hakuwa anadanganya. Ndivyo mila inavyosema. Mtoto akizaliwa hukaa ndani siku kadhaa na mama yake, kisha hutolewa nje, huonwa na majirani, hupewa jina, watu hula maharage na kunywa. Akifa kabla ya siku hiyo hakuna msiba. Wanawake humzika karibu na nyumba, kimya, baba huambiwa tu kwamba hakukaa, na jambo hilo halitajwi tena. Kwa hiyo ukimwuliza baba, "Nani amekufa?" anakujibu kweli tupu.

Bibi Veronika aliweka kisu chini akaniambia nimfuate. Tukazunguka nyuma ya migomba. Hapakuwa na msalaba, wala jiwe, wala kilima cha udongo. Migomba tu, imestawi. Akanionyesha kwa kidevu.

"Hapa mmoja. Hapa mmoja. Kule wawili."

Nikamwuliza kwa nini hawakutuambia miaka yote hiyo. Nilimwuliza kwa ukali, Mungu anisamehe, kama vile yeye ndiye aliyesaini.

"Mlituuliza nani kafa," alisema. "Kwetu anayekufa ni yule aliyetolewa nje. Hawa hawakutolewa. Na hata hilo mliwauliza wanaume." Akatazama boma lililokuwa linaonekana ng'ambo ya bonde, mbuzi wanatoka mlangoni. "Wawili kati ya hawa ningewaokoa kama ningekuwa na mtu mwenye dawa."

Nilirudi ofisini nikakaa chini ya kile cheti. Nilikielewa basi: kila mtoto aliyezikwa kimya nyuma ya migomba alikuwa ametuondolea bati moja la zahanati. Skola alikuwa na mimba ya nane, siku zake za kujifungua zimekaribia, na karatasi yangu ndiyo iliyokuwa inamwambia mkubwa wilayani kwamba mwanamke huyu hana shida.

Nikabadilisha swali. Nilimwomba Bibi Veronika na wakunga wenzake wazunguke kata nzima, wanawake kwa wanawake, waulize neno moja tu: ni wangapi walilia na hawakutolewa nje? Kulia ni muhimu, lishikeni hilo. Aliyelia alizaliwa hai, awe alikaa saa moja au siku tano. Mama hakulazimika kutaja kitu. Alipewa kibuyu, akatia punje ya mahindi kwa kila mmoja. Punje zile nilizihesabu mezani kwangu mara tatu. Idadi siitaji hapa, ipo kwenye daftari, lakini niwaambie tu kwamba nilifunga mlango.

Wilayani nilipokelewa na kijana nadhifu, mpole sana, na upole wake ndio ulionichemsha. Aliniambia mzee, punje za mahindi si takwimu. Mfumo haukubali kata iruke kutoka sifuri mpaka huku; utasoma ni kosa. Akanishauri nikaoanishe, na kuoanisha kwa lugha ya ofisi, mjue, ni kupika kwa sufuria yenye mfuniko. Nilipogoma akageuza kompyuta nione sifuri zote za miaka iliyopita, akauliza saini ile ni ya nani. Ni yangu, nikasema. Basi, akasema, kama ninataka anisikilize, nimletee majina ya akina mama, mmoja mmoja, na dole gumba. Diwani naye alinipigia simu kuniuliza nina ugomvi gani na kata yangu mwenyewe, mbona nataka kuichafua.

Nikawaita wanawake kwenye kivuli cha boma, nikawaeleza. Wakakataa. Na walikuwa na haki ya kukataa: jambo ambalo hawakulisema kwa mama zao, walitakiwa walitilie dole ili lisomwe na kijana wasiyemjua. Niliongea mpaka nikaishiwa. Niliwaambia ni mabati haya, ni muuguzi huyu, ni Skola huyu hapa amekaa na tumbo lake. Skola mwenyewe ndiye aliyenijibu.

"Mtendaji, na nyumba yako? Mama Adela alitia punje ngapi?"

Nikacheka. Nikasema kwangu hakuna. Hakuna aliyecheka nami, na Bibi Veronika akawa anatazama vidole vya miguu yake. Wakunga huambiana.

Nilifika nyumbani jua bado lipo. Mama Adela alikuwa uani anaanua mahindi. Nikaketi kwenye kigoda kama mgeni, nikamwuliza mkubwa wetu ni nani.

"Adela."

"Anayemfuata?"

Aliendelea kuanua. Nikarudia swali. Akakaa chini, kapu mapajani.

"Alilia siku tatu," alisema. "Wa kiume. Wewe ulikuwa umekwenda kwenye vibarua vya tumbaku. Uliporudi mama yako akakwambia nimeshapona, ukauliza kama kuna chakula."

Nilijua. Hilo ndilo linaloniunguza, na siwezi kumlaumu mkubwa yeyote wa wilaya kwa hilo. Niliondoka nikiacha tumbo, nikarudi nikakuta halipo, na sikuuliza, kwa sababu mwanamume haulizi. Kisha nikatumwa nchi nzima kuuliza watu. Nikamwambia kwamba hata siku ile ya fomu hakusema.

"Baba Adela, nilikuwa nimekaa pale mlangoni. Nilingoja uniulize."

 Nilichukua daftari jipya, nikachora safu, na mstari wa kwanza nikaandika jina la mke wangu. Akaweka dole, ingawa kuandika anajua. Alisema anataka liwe kama la wenzake. Kesho yake nilirudi bomani nikausoma mstari ule kwa sauti, jina lake, langu, siku tatu, alilia.  Bibi Veronika akasogea wa kwanza. Skola wa pili, mara nne, dole lile lile.

Safari hii sikutuma barua. Nililibeba daftari mwenyewe, nikakaa kwenye benchi la wilayani siku mbili mpaka mfumo ukakubali. Lakini mabati hayana haraka na uchungu wa uzazi hausubiri kikao. Skola alishikwa kabla. Walimpakia kwenye bodaboda, Bibi Veronika nyuma yake amemshika, wakaenda hivyo kwenye mashimo mpaka kituo cha afya. Mtoto alitoka akalia. Siku ya kumtoa nje nilialikwa, nikala maharage, nikamwandika papo hapo: Minani, wa nane. Watu walisema ni bahati njema. Bahati! Kata ina ofisi, ina muhuri, ina mtendaji anayelipwa kila mwezi, na mtoto anazaliwa hai kwa bahati. Nilikula nikiwa na hasira.

Mabati yalikuja baadaye, na muuguzi mmoja akaja mwaka niliostaafu. Mmoja, kwa kata nzima. Na mnajua wilayani walituambiaje kwenye kikao cha tathmini? Kwamba kata yetu imeshuka. Zamani ilikuwa sifuri, sasa inaleta vifo. Wakauliza tumelegea wapi. Ndiyo maana siku ya kuniaga walitafuta cheti cha zamani, cha enzi zile tulipokuwa wazuri.

Asia, kitoe ukutani. Misumari iache, tundika daftari.

Na sasa kosa la pili. Mshereheshaji alisimama na faili langu la utumishi, akasoma wasifu wangu: alizaliwa wapi, alianza lini, alihamia wapi. Akafika mwisho, akatabasamu, akasema mstaafu wetu ana mke mmoja na watoto wanne. Watu wakaanza kupiga makofi. Mama Adela, ambaye tangu nimwoe hajawahi kufungua mdomo kwenye mkutano, akasimama na kanga yake mpya.

"Watano," alisema.

Makofi yakakatika. Mshereheshaji akacheka kidogo, akadhani mama amesahau, akarudia kusoma: wanne. Mama Adela hakukaa.

"Watano. Adela wa kwanza. Wa pili hakutolewa nje. Yohana ni wa tatu."

Kijana wa watu akaanza kupekua faili, jasho linamtoka, anatafuta ni karani gani aliyekosea. Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Karatasi ile niliijaza mimi.